Ndagala, Mkebuka na Kisu cha Mabapa Mawili

Kisu cha mabapa mawili kisichanganywe na kisu cha makali kuwili. Cha makali kuwili ni silaha: bapa moja linalokata huku na huku, likikaa alani. Cha mabapa mawili ni kisu cha mfukoni, cha kukunja: visu viwili vidogo vimelala ndani ya mpini mmoja kama ndugu chini ya blanketi moja, na ukitaka kumwamsha mmoja, mara nyingi huamka yule mwingine. Hakina kufuli. Kinacholishika bapa lisijifunge ni springi ya chuma iliyo mgongoni mwa mpini, na kinacholitoa ni ukucha unaoingizwa kwenye mfuo mwembamba karibu na mgongo wa bapa. Mtu aliyekata kucha asubuhi hubaki na samaki mbele yake, kisu mkononi, na hana kisu.

Bapa dogo lilikuwa na kazi ya heshima hapo zamani, nayo ni kuchonga kalamu za unyoya. Unyoya uliondoka, bapa likabaki, na tangu hapo linatafuta ajira. Sheffield huko Uingereza na Solingen huko Ujerumani ndiyo miji iliyovitawanya visu hivi duniani. Wamarekani wakavipa majina na vipimo vinavyojulikana hadi leo. Katika visu vya kampuni ya Case ya Pennsylvania, kidogo kinachoitwa Peanut, yaani karanga, kina urefu wa sentimita 7.3 hivi. Kikubwa ni Trapper, mtegaji wa wanyama, sentimita 10.5. Katikati yuko mdogo wake, Mini Trapper, sentimita 8.9.

Okapi hakimo katika hesabu hii. Kisu hicho cha mpini wa mbao, kilichoanza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa ajili ya soko la Afrika na ambacho siku hizi hutoka Afrika Kusini, kina bapa moja tu. Kinastahili kutajwa kwa sababu ya jina. Mnyama mwenyewe anaishi Kongo peke yake, katika misitu ya kaskazini-mashariki, na wataalamu wa Ulaya walimwandika mwaka 1901. Mwaka uliofuata alikuwa ameshakuwa kisu. Wapo watu wengi wa kandokando ya Ziwa Tanganyika waliokata mkate kwa okapi bila kumwona okapi.

Vipimo vilivyotajwa hapo juu hupigwa kisu kikiwa kimefungwa, na hapo ndipo penye kosa la kwanza la mnunuzi. Aliyesikia sentimita 10 hutegemea bapa la sentimita 10, akifika nyumbani anakuta 8. Hakuibiwa. Mpini lazima ulimeze bapa lote pamoja na ncha yake, la sivyo ncha itamla mwenye mfuko.

Huko Zongwe, kwenye ufuko wa ziwa hilo katika eneo la Kalemie, Kongo, rula ni mali ya mwalimu na futi ya kitambaa ni mali ya fundi cherehani; samaki ni wa wote. Kwa hiyo visu na vipimwe kwa samaki. Ndagala wako wa aina mbili. Wa kwanza, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Stolothrissa, hazidi sentimita 10. Wa pili, Limnothrissa, anaweza kufika 17. Kisu kidogo basi ni ndagala wa kila siku, yule wa kukaangwa na pilipili. Kisu cha kati ni ndagala aliyeshiba. Kikubwa kimempita ndagala wa kwanza aliye mkubwa kuliko wote, ila mbele ya mkebuka, samaki anayeweza kufika sentimita 45, hata chenyewe bado ni mtoto.

Kisu kidogo kina uzito wa gramu 40 hivi, na ubaya wake ni kwamba mfukoni hakisikiki. Pesa ya Kongo ni noti, na noti hukunjwa. Kisu kikijificha katikati ya mafungu ya franka, hutoka pamoja nayo wakati wa kulipa na kutumbukia katika beseni la unga wa muhogo bila hata sauti ya kuaga. Hupatikana jioni, katika nyumba nyingine, ndani ya bukari, na anayekipata ni mgeni wa heshima. Kazini nako hakina nguvu. Kutumbua mkebuka kwa bapa la sentimita 5 kunataka mkono uingie tumboni mwa samaki hadi kifundo, na mpini ulioshika utelezi huamua wenyewe pa kubaki.

Kisu kikubwa hakipotei. Kina zaidi ya gramu 100, na suruali isiyo na mkanda hulieleza jambo hilo mbele za watu. Mwenye nacho akiinama kusukuma mtumbwi majini, kisu husimama wima mfukoni kama mtu aliyeitwa jina, kikamchoma paja. Kwenye kizuizi cha barabarani huulizwa swali moja tu, "Hiki ni cha nini, papa?", na jibu la kweli, kwamba ni cha kumenyea machungwa, halijawahi kumridhisha muulizaji popote duniani. Lakini hasara kubwa ni cheo. Kisu kikubwa kikishaonekana, mwenyewe huhesabiwa kuwa mchinjaji wa kijiji. Arusi ni yake, matanga ni yake, na mbuzi aliyegongwa na pikipiki pia ni wake. Tena bapa la pili la Trapper, lile la ncha butu, umbo lake liliundwa kwa ajili ya kuhasi mifugo. Mwenye kisu anayeijua habari hii afadhali aimeze, maana kila mwenye beberu mkorofi atakuja kubisha hodi.

Kisu cha kati ndicho kinachofaa kubebwa kila siku. Bapa lake la sentimita 7 linamtosha mkebuka wa kawaida, linakata uzi wa nailoni, na halimtishi mtu. Sifa hizo zote husimama imara mpaka shemeji atokee.

Nadharia ya mabapa mawili ni rahisi: moja la samaki, moja la matunda, na harufu zisikutane. Nadharia hii haikumtazamia mwazimaji. Mwazimaji hufungua bapa lililo safi, kwa sababu ni safi, akaparuzia magamba, akalirudisha mahali pake likiwa na maji yake. Kesho yake mwenye kisu anakula embe lenye ladha ya bandari. Akiligeukia bapa la samaki, ambalo sasa ndilo safi, atakuwa amebadilisha majukumu, na mwazimaji akirudi atalifuata hilo hilo. Usiku magamba hukauka ndani ya mpini na kutu huanza kazi, hata asubuhi mabapa yote mawili hayaitiki. Ukucha ukishindwa, wapo wanaotumia jino. Jino halinolewi.

"Yaya, niazime kidogo," ndivyo kisu kinavyoombwa, na hiyo "kidogo" haina kipimo katika rula wala katika samaki. Ya asubuhi huisha jioni. Ya Ijumaa huisha baada ya mvua. Kisu cha kati ndicho kinachoombwa zaidi, kwani kidogo hudharauliwa na kikubwa huogopwa.

Azima nyingine haina marejesho kabisa, nayo ni ya ziwa. Ndagala na mikebuka huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, mwezi ukiwa haupo, na wavu ukinasa hutakiwa kukatwa kwa vidole vilivyolowa, gizani, mtumbwi ukiyumba. Bapa likifunguka kwa ghafla, kisu huruka. Mahali pengine mtu angezamia. Lakini jina la Zongwe, katika ramani za sakafu ya ziwa, limepewa bonde la kusini, moja ya mashimo yake yenye kina kikubwa kabisa, na Tanganyika hufikia takriban mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Hata tumaini la ngano za zamani, zile za pete inayokutwa tumboni mwa samaki, halipo hapa: chini ya mita 200 hivi maji hayana oksijeni, na hakuna samaki wa kukimeza kisu wala wa kukileta juu.

Kwa hiyo kinunuliwe cha kati, chenye pete mwishoni mwa mpini. Pete ikikosekana, fundi anaweza kutoboa tundu. Uzi wa wavu wa nusu mita, kutoka kwenye pete hadi kwenye mkanda, unatosha. Wa mita 1,470 hauuzwi Kalemie.