Heko kwa Mradi Usiopendwa

Mashujaa wa vita wamesifiwa, warembo wamesifiwa, hata majahazi yametungiwa beti. Mradi wa kuboresha huduma, ule ambao daktari bingwa wa radiolojia wa Marekani huufanya ili cheti chake kiendelee kutambuliwa, haujapata hata kibwagizo. Dhulma hii imetosha.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Bodi ya Radiolojia ya Marekani ilianzishwa mwaka 1934, na kwa miongo mingi aliyefaulu mitihani yake aliondoka na cheti cha maisha. Mwaka 2002 neema hiyo ilikatika kwa madaktari wanaosoma picha: vyeti vipya vilipewa ukomo wa miaka kumi, na likafuata sharti la kuvitunza. Sharti hilo lina nguzo nne. Kuna mwenendo mwema, kuna kuendelea kujisomea, kuna kupimwa ujuzi, kisha kuna malkia wao, yaani mradi, ambao kwa kawaida hudaiwa kila baada ya miaka mitatu. Wenye vyeti vya maisha hawakulazimishwa. Vijana waliotoka darasani juzi ndio walioonekana wanahitaji kurekebishwa. Wazee, bila shaka, walikuwa wamekwisha kukamilika.

Utukufu wa kwanza wa mradi ni nasaba yake. Mwendo wake ni panga, tenda, chunguza, rekebisha, kisha anza upya, na unahusishwa na W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani mwaka 1950 namna ya kusimamia ubora wa bidhaa za viwandani. Elimu ya kiwandani sasa imepiga hodi katika chumba chenye mwanga hafifu, na daktari anatafuta kitu cha kupima. Mwenye busara huchagua kinachohesabika. Uvimbe uliojificha nyuma ya moyo kwenye eksirei ya kifua una ubishi mwingi. Dakika ambazo ripoti huchukua hadi itoke hazina ubishi, basi zinahesabiwa dakika.

Wala mradi si mchoyo. Kundi zima la madaktari linaweza kushirikiana katika mradi mmoja, na kila aliyeshiriki akavuna. Ukikamilika, daktari huingia kwenye tovuti ya bodi na kuthibitisha kwamba ametimiza wajibu. Ushahidi wa maandishi huombwa kwa wale tu wanaoangukiwa na ukaguzi. Baadaye bodi ililegeza kamba zaidi, hata kazi ya kamati ya usalama wa wagonjwa ikaweza kuhesabiwa. Aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua jinsi tuzo hiyo ilivyochelewa.

Wanaoubeza mradi wana hoja: makaratasi ni mengi na usingizi ni mchache. Lakini na waitazame Los Angeles. Februari 2008 hospitali moja ya huko ilibadilisha mipangilio ya CT skani iliyotumika kuchunguza mtiririko wa damu kwenye ubongo wa watu waliohofiwa kupata kiharusi. Kwa miezi 18, zaidi ya wagonjwa 200 walipigwa mionzi karibu mara nane ya kiwango kilichokusudiwa. Kilichofichua kosa ni mgonjwa aliyeona nywele zake zinanyonyoka kwa mabaka. Mashine yenyewe haikuficha kitu, maana skani za aina hiyo huonyesha kipimo cha mionzi kwenye skrini. Ilikosekana tu kazi duni kuliko zote: mtu wa kuinakili ile tarakimu wiki baada ya wiki, kuilinganisha na ya mwezi uliopita, na kuuliza mbona imepanda. Kazi hiyo ikiandikwa kwenye fomu, jina lake ni mradi.

Bunge la California liliamka. Sheria iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Julai 2012 iliagiza kipimo cha mionzi ya CT skani kiandikwe kwenye ripoti ya mgonjwa. Madaktari wa jimbo hilo wakawa wamepata tarakimu mpya ya kuhesabu, na waliokuwa wakihangaika kutafuta mada ya mradi uliofuata wakaletewa mezani kwa amri ya serikali.