Klarineti ya Babu na Wajomba Wenye Haraka

Ukishakabidhiwa kisanduku cheusi cha babu, kazi ya kwanza ni kuwatoa chumbani wajomba wote. Mmoja ataleta brashi ya waya, wa pili mafuta ya kula, wa tatu mnunuzi. Wape chai, wakae nje. Chombo kilichomshinda babu kwa umri hakistahili kufia mikononi mwa ndugu.

Usibonyeze chochote bado. Mji wetu wa Goma umekaa juu ya lava, na vumbi la volkano ya Nyiragongo ni msasa: likiingia kwenye maungio ya vyuma huyasaga kila unapobonyeza. Lipanguse kwa brashi laini, kavu, bila haraka.

Sasa kitambue. Hesabu vibonye vya kidole kidogo cha mkono wa kulia. Vikiwa vinne, na nyuma kuna pete inayozunguka tundu la kidole gumba, ni mtindo wa Boehm, ambao mpiga klarineti Klosé na fundi Buffet waliukamilisha Paris kufikia 1843. Vikiwa viwili tu na pete hiyo haipo, yaelekea ni mtindo wa Albert, fundi wa Brussels. Usikubali mtu akuambie ni mbovu kwa kuwa vidole vyake havijauzoea! Kisha chungulia ndani ya bomba. Ukiona nyuzi za mti, yaelekea ni mpingo, ule ule unaokatwa Tanzania na Msumbiji, ukaenda Ulaya ukarudi na sauti. Na ukiambiwa rumba ni gitaa, jibu kwamba bendi ya OK Jazz ilipoanza mwaka 1956, Jean Serge Essous alikuwemo na klarineti yake.

Pima kama inavuja. Shika kipande cha juu peke yake, funika matundu yote, ziba ncha ya chini kwa kiganja, halafu vuta hewa kwa mdomo. Ikikung'ang'ania midomo, pedi zinazofunika matundu ni nzima. Isipong'ang'ania, pitisha ukanda wa karatasi ya sigara chini ya kila pedi, ifunge, uvute taratibu: karatasi inapoteleza ndipo penye kuvuja. Hiyo pedi ndiyo ya kubadilishwa, nyingine ziache.

Mwanzoni puliza dakika 10 kwa siku, kisha ukaushe ndani kwa kitambaa. Pumzi ya moto huvimbisha mti kwa ndani huku nje ungali baridi, na mpingo hupasuka hivyo. Asubuhi upepo wa ziwa ukiwa mkali, kibane kwanza kipande cha juu kwapani mpaka kipate joto.