Namna ya Kugundua Kangaga Jipya Nyanungu

Usambara usiende. Makangaga ya kule yamechunguzwa tangu Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902. Njoo Nyanungu, wilayani Tarime, ambako mgeni hukodolea macho nyumbu wa Serengeti na hainami hata siku moja.

Anza kwa mtendaji wa kijiji, tena na kibali mkononi. Mtu anayepiga magoti kwenye nyufa za mawe katika wilaya yenye machimbo ya dhahabu ya Nyamongo hawezi kusema anatafuta jani akaaminika. Jioni utakuta vijana wenye sululu wanakufuata kwa heshima kubwa, wakingoja uwaonyeshe mwamba wa dhahabu. Wape magazeti ya kukandamizia majani wakubebee. Hifadhini usiingie: askari wa wanyamapori hawana kipengele cha kangaga lililokatwa kwa bahati mbaya.

Tafuta upande wa jiwe wenye kivuli. Kangaga liitwalo Actiniopteris ni kama mkoche wa urefu wa kidole, na kiangazi hujikunja likaonekana limekufa. Mvua ikinyesha, hufunguka. Ukilichuma mwezi wa Agosti, utakuwa umegundua takataka. Kwenye madimbwi ya ng'ombe chungulia Marsilea, yenye vijani vinne kwenye kikonyo kimoja. Wahi kabla ng'ombe hawajaikanyaga.

Sasa geuza jani. Kangaga halitoi ua, kwa hiyo kwa makangaga mengi wataalamu husoma vidoa vya spora vilivyo chini ya jani. Jani lisilo na spora, hata likiwa zuri namna gani, litawekwa pembeni na mtaalamu anayekupenda. Likandamize ndani ya gazeti, uandike mahali, mwinuko na tarehe.

Kisha peleka sampuli Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Nairobi, ukakate tamaa vizuri. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki kilianza kutoka mwaka 1952, kikakamilika 2012, na kina aina zaidi ya 12,000. Lako huenda limo. Mahali pake, hata hivyo, pameandikwa T1 tu, yaani Kanda ya Ziwa nzima: msitu wa Minziro unaochuruzika maji kule Kagera na jiwe lako kavu la Nyanungu vimo kwenye alama moja. Hapo ndipo penye kazi, na hakuna anayeigombania.

Likiwa jipya kweli, una ruhusa ya kulipatia jina la Nyanungu. Ila kanuni za kimataifa zinataka maelezo yake yawe kwa Kilatini au, tangu 2012, kwa Kiingereza. Kiswahili hakikubaliwi.