Habari Zinazopitia Pajani

Kiyovu, hapa Kigali, si mtaa wa kupiga kelele. Miti ni mirefu, kuta ni ndefu, balozi zimejaa, na hata mbwa wa hapa hubweka kwa zamu. Ukimwita rafiki yako kutoka ng'ambo ya barabara, kama tunavyoitana kwetu Tanga bila kuona haya, madirisha yanafunguliwa kukutazama wewe ni nani na umetokea wapi. Ndiyo maana simu za wakazi wa hapa, wenyeji na sisi wa kuja, hazilii mwaka mzima. Zinatetema tu. Na mimi nashikilia kwamba hakuna kinachovuruga amani ya Kiyovu kama simu iliyonyamazishwa.

Mchukue mlinzi wetu. Anamiliki kitochi, ile simu ya vitufe yenye kurunzi, na kilipokuwa kinalia kilikuwa kinalia kwaya nzima. Mwenye nyumba akakipiga marufuku: mlio hapana, mtetemo ruksa. Sasa, ndani ya kitochi kuna mota ndogo, na kwenye mhimili wake kimefungwa kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Mota ikizunguka, uzito ule unayumba na simu yote inatikisika nao. Ikiwa mfukoni, nyama ya paja inaumeza mtikisiko wote na jirani hajui lolote. Ikikaa juu ya bati, bati zima linatikisika, linasukuma hewa, na habari yako ya siri inatangazwa.

Mlinzi, kwa kuogopa asije akapitiwa na usingizi bosi akipiga simu afunguliwe, akakiweka kitochi juu ya upapi wa geti. Geti lenyewe ni la chuma, pana, la kupitisha gari mbili. Saa saba usiku bosi akafika na kupiga. Geti likanguruma. Mbwa wa ubalozi wakalijibu, mbwa wa jirani wakawajibu wale wa ubalozi, na walinzi wa mtaa mzima wakatoka na tochi zao. Bosi, akiwa ndani ya gari na simu sikioni, alisikia geti lake linanguruma akaamini kuna watu wanalikata kwa msumeno. Akarudi kinyumenyume mpaka kona. Alipofika kwenye usalama, akampigia tena mlinzi kumwonya kuwa wezi wapo getini. Geti likanguruma mara ya pili.

Asubuhi kesi ilisikilizwa uani. "Bosi, ulisema isilie," alijitetea mlinzi. "Na haikulia." Sikuona hakimu ambaye angemtia hatiani.

Mama mwenye nyumba naye alikuwa na simu ya kisasa zaidi, na kisa chake ni cha kisasa zaidi. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa iPhone 7, ambayo kitufe chake cha mbele hakibonyei kabisa. Kinaguswa tu, halafu mota ya ndani inakupiga mtetemo mfupi, na kidole kinaapa kwamba kimebonyeza kitu. Ni ulaghai wa hali ya juu, nami nauheshimu. Tatizo ni kwamba mlaghai huyu anafanya kazi kwa umeme. Simu ya mama ilizimika chaji, akabonyeza kitufe, kitufe kigumu. Akabonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa gumba la mtoto, kisha akaipeleka kwa fundi mjini akieleza kwamba kitufe kimeganda kwa vumbi. Fundi aliichukua kwa heshima, akaenda nayo nyuma ya pazia, akaichomeka kwenye umeme, akanywa chai. Mama alilipa bila kinyongo na hadi leo anamsifia yule kijana kwa mikono myepesi.

Lakini kwa sisi tusio na gari, uwanja wa taabu ni pikipiki. Abiria wa moto, kama pikipiki za abiria zinavyoitwa Kigali, anavaa helmeti, na ndani ya helmeti husikii simu hata ikilia adhana. Limebaki paja peke yake. Ngozi ya binadamu ina vipokezi vya mtetemo vinavyobeba jina la Filippo Pacini, Mwitalia wa karne ya 19, na vinahisi vizuri zaidi mitetemo ya karibu 250 kwa sekunde. Watengenezaji wa simu wanalijua hilo, ndiyo maana mota zao huzungukia jirani na hapo. Ila pikipiki ya petroli inayopanda kilima kutoka Sopetrad kuelekea Peyage, injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, nayo inakutikisa mara 100 kila sekunde, tena kuanzia makalioni. Simu inayojaribu kukwambia neno hapo ni sawa na kunong'ona mlangoni pa mashine ya kusaga. Nimepanda kilima kile nikiwa na utulivu wa moyo, nikashuka juu na kukuta mkuu wangu wa kazi amenitafuta tangu bondeni.

Na ukishashuka, kuna malipo. Unabonyeza MoMo, pesa za simu, unaingiza msimbo wa motari, yaani dereva wa pikipiki, unatuma.

"Motari, nimeshatuma."

"Bado haijanifikia, mzee."

"Imekatwa kwangu, tazama."

"Kwangu sijahisi kitu."

Hajahisi kwa sababu ameikalia injini inayounguruma na simu yake imo ndani ya koti, chini ya jaketi la kazi, karibu na kitambaa cha kufutia helmeti. Tunabishana mbele ya ukuta wa ubalozi mpaka askari wa zamu anatukazia macho. Mwishowe motari anazima injini, anatoa simu, anakuta ujumbe umekaa muda mrefu kuliko ubishi wetu. Anacheka. Mimi nakuwa nimechelewa.

Siku hizi mambo yanabadilika. Pikipiki za umeme zimeenea Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza biashara yake mwaka 2019, na tangu Januari 2025 serikali haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kubeba abiria jijini. Watu wanasifu hewa safi. Wanasahau jambo kubwa zaidi: pikipiki ya umeme haitikisi, kwa hiyo paja limerudishiwa kazi yake. Sasa napanda kutoka Sopetrad nikimhisi mkuu wangu kwa ukamilifu wote, mita kwa mita, na kisingizio changu cha miaka kimekwenda na moshi.

Afadhali basi paja lingekuwa msema kweli. Mwaka 2010 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa hospitali moja huko Massachusetts, Marekani, na asilimia 68 kati ya waliojibu walikiri kuhisi mtetemo wa simu ambayo haikutetema. Hawa ni watu wa tiba, wanaojua mishipa kwa majina. Itakuwaje sisi wa idara ya hesabu? Tarehe za mshahara, lifti ya ofisini kwetu ikijaa, anatokea mmoja kugusa mfuko. Wa pili anagusa. Kufika ghorofa ya tatu wote tumejipapasa, na aliyetetema ni feni ya lifti.

Shemeji yangu wa ughaibuni aliona taabu zangu akaniletea saa janja. Mtetemo wa mkononi, alisema, haudanganyi. Saa ile ina tabia ya kunigonga kifundoni kila nikikaa muda mrefu, kunitaka nisimame kwa ajili ya afya ya moyo. Jumamosi moja nikaivaa kwenye gusaba, sherehe ya posa, ya mfanyakazi mwenzangu. Wageni kwa wenyeji tumetazamana kwenye mahema mawili, na umukwe mukuru, msemaji wa upande wetu wa bwana harusi, mzee wa maneno kweli kweli, ameomba binti kwa mafumbo ya ng'ombe kwa karibu saa nzima. Umusangwa mukuru, msemaji wa upande wa binti, alikuwa ndiyo kwanza anauliza kwa upole kama katika ukoo wetu kuna mtu mwenye neno la kinyume. Saa ikanigonga. Mwili ukatii kabla ya akili, nikasimama.

Hema zima likageuka. Bwana harusi alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena ofisini. Nikasema, kwa Kinyarwanda changu cha Tanga, kwamba nanyoosha mguu. Umusangwa mukuru akatafakari jibu hilo kwa makini, akatangaza kwamba ukoo ambao miguu yake haina subira lazima ulipe faini, na akataja kreti mbili za bia. Umukwe mukuru akaomba ziwe moja. Wakakubaliana mbili. Nilipoketi saa ikatetema tena, ndefu na ya furaha, na kiooni ikaandika hongera: nimetimiza lengo langu la kusimama.