“Yeah, right” yashuka Kilwa

Vijana wa Kilwa Masoko siku hizi wakitaka kumbeza mtu huagiza maneno Uingereza. “Yeah, right,” hujibu, na aliyeambiwa aelewe mwenyewe kwamba “ndiyo” na “sawa” zikifuatana hivyo maana yake ni hapana. Ufundi ni huo tu: sema kinyume, vuta sauti, pandisha nyusi. Ukiondoa sauti hakibaki kitu. Ndiyo maana kwenye simu hulazimika kubandika na kikatuni cha kucheka, fumbo likaja na maelezo pembeni kama dawa ya kikohozi. Waingereza hawana kosa, wanatumia walichonacho. Lakini sisi? Mvuvi akiteremka Kivinje na changu wawili hatukanwi, huulizwa kwa upole, “Baharini umetuachia japo kidogo?” Jirani mwenye kinyongo naye hasemi neno. Huvaa kanga, akapita mlangoni taratibu, jina likasomeka mgongoni. Kamshitaki kwa balozi uone: atajibu amevaa nguo.

Watasema mafumbo ni marefu na dunia ina haraka. “Thubutu!” ina herufi saba, “haya” ina nne, na ikivutwa vizuri hufunga mjadala. Watasema tena kijembe ni mambo ya uani, ya wanawake. Basi wakae barazani Lindi mjini, saa ya kahawa, wamsikie mzee akimpongeza mwenzake aliyekosea bao: “Mashaallah, fundi.” Aliyepongezwa huanza kuhesabu kete zake upya.