Pikapu Iliyotiwa Akili

Gari la kabureta halina mwenyewe. Lina mlipia mafuta tu. Likikohoa asubuhi, kila mwanamume anayepita ana neno: huyu anasema choki, yule anasema boya, wa tatu anainama juu ya injini, ananusa, anaguna, halafu anaomba bisibisi bila kukuuliza kama una haraka.

Yangu ni Chevrolet C10 ya mwaka 1978, na nakaa nayo Aurora, Colorado, ubavuni mwa Denver. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, na juu yake palikuwa na kabureta ya Rochester Quadrajet yenye matundu manne: mawili madogo ya mwendo wa kistaarabu, na mawili makubwa yanayofunguka ukikanyaga kwa hasira. Aliyeniuzia aliitoa Texas, kule chini, ambako hewa ni nzito na jeti zake zilipimwa kwa hewa hiyo. Denver iko mita 1,600 na ushee juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, lakini kabureta haina habari. Inamwaga petroli ile ile kama vile bado iko Texas. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, na mke wangu kuulizwa na wenzake kazini kama siku hizi anauza mafuta.

Mwenye busara angebadilisha jeti, akaweka ndogo zaidi, kwa pesa ya chakula cha mchana. Ila mimi nina shemeji.

Shemeji yangu ni mtu wa kompyuta. Aliizunguka pikapu akiwa ameweka mikono mfukoni, akasema, "Shem, hii haihitaji jeti. Inahitaji akili." Alikuwa ameshasoma. Pikapu kubwa za Chevrolet za petroli, kuanzia toleo la 1987 hadi 1995, hazina kabureta. Zina throto bodi. Inakaa pale pale kabureta ilipokaa, na juu yake kuna nozeli mbili zinazonyunyiza petroli kwenda chini. Kiasi cha kunyunyiza kinaamuliwa na kontrolo boksi, ambayo inasikiliza mgandamizo wa hewa ndani ya manifodi, joto la maji ya injini, na oksijeni iliyobaki kwenye moshi wa ekzosi. Inapanda mlima, inapima hewa, inapunguza mafuta. Vyote hivyo, alisema shemeji, vinang'olewa kwenye gari bovu yadini. "Kazi ya wikiendi tu." Katika mambo mengine yote nimeoa vizuri.

Muuzaji wa yadi alituapia kwa jina la mama yake kwamba manifodi aliyotung'olea, pamoja na throto bodi yake, itakaa juu ya injini yetu bila maneno. Boliti nane zikaingia zikicheka. Nne za katikati zikagoma. Tukalegeza zote, tukasukuma, tukaomba, shemeji akaleta mafuta ya kulainishia, kisha nyundo. Nikampigia muuzaji. Akaniuliza gari la mwaka gani, nikamwambia, na simu ikakatika.

Tukampigia video fundi wangu wa zamani kule Gerezani, Dar es Salaam. Kiangazi sisi tuko nyuma yao kwa saa tisa, kwa hiyo tukiwa na chai ya asubuhi yeye anakusanya spana. Hakusema kitu kwa muda. Akaagiza simu isogezwe kushoto, kulia, ishushwe. "Hizo nne za kati zinaangalia wapi?" akauliza. Tukainama. Kumbe kuanzia 1987 pembe ya boliti hizo nne ilibadilishwa, na kichwa cha injini ya 1978 kina pembe yake ya zamani. Mtu aliye ng'ambo ya bahari aliliona kwenye kioo cha simu iliyopasuka. "Rudisheni manifodi yenu. Tafuteni sahani ya kuunganishia, throto bodi ikae juu yake." Halafu akaongeza jambo ambalo alilirudia kila tulipompigia: "Na kabureta msiitupe."

Pampu nayo ilikuwa na kisa chake. Kabureta inatosheka na psi tano hivi za pampu ya kizamani inayosukumwa na injini yenyewe. Throto bodi inataka kati ya 9 na 13, kwa hiyo tukafunga pampu ya umeme kwenye chesi na bomba la kurudishia petroli tangini. Ukifungua swichi inavuma sekunde mbili, inanyamaza, inasubiri stata. Jirani yetu, mzee wa Kimeksiko anayejua kuchomelea, alikuwa ametoka kutuchomelea kitako cha sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Aliposikia mvumo ule chini ya gari, alirudi nyuma kwa kasi ambayo sikuijua kwa mtu wa umri wake.

Nyaya zilitandazwa juu ya zulia la sebuleni, kwa sababu nje upepo ulikuwa unapeperusha vikaratasi. Vikaratasi ndivyo shemeji alivyoandikia kila waya. Mwandiko wake ni wa mtu aliyezoea vitufe. Kimoja kilisomeka ama "pampu" ama "pamba", na kingine hata yeye mwenyewe alikitazama kwa heshima, akakiacha. Watoto walikatazwa kukimbia sebuleni. Mke wangu alipita juu ya nyaya akiwa amebeba sufuria ya wali, na ule utulivu wake ulinitia hofu kuliko ugomvi.

Iliwaka. Ilikuwa inanguruma juu kupita kiasi, na shemeji akasema imefurahi. Haikuwa furaha, gasketi chini ya sahani ilikuwa inavuta hewa. Tukaibadilisha.

Halafu ukaja wakati wa kuongea na kontrolo boksi. Chini ya dashibodi inaning'inia soketi. Unaunganisha tundu A na B kwa kipande cha waya, kwetu ilikuwa pini ya nywele ya mke wangu, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini inaanza kukonyeza. Konyezo moja, kituo, makonyezo mawili: 12. Shemeji akashika kichwa. Akatafuta, akasoma, akanigeukia. Kodi 12 maana yake ni kwamba hakuna ishara kutoka distributa, yaani injini haijawaka. Tulikuwa tumeizima wenyewe. Baadaye aliunganisha kompyuta yake mpakato ili aongee nayo kwa heshima zaidi, akakuta boksi inajibu biti 160 kwa sekunde. Alikaa kimya kwenye kiti cha abiria, mtu aliyezoea intaneti ya waya za kioo, akisubiri.

Lakini nisiinyime haki yake. Asubuhi ya theluji inawaka kwa mguso mmoja, bila kukanyagakanyaga pedeli. Moshi mweusi umekwisha. Tumeipandisha barabara kuu ya I-70 hadi handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400, na haikukohoa. Wanaume wanaopita bado wanaomba kufunuliwa boneti. Wanaona nyaya, wanasema "aha", wanaifunga taratibu.

Imebaki tabia ya kuzima kwenye taa za barabarani, pale inaposimama tu. Pini ya nywele ikatoka tena: makonyezo mawili, kituo, makonyezo manne. Kodi 24, sensa ya mwendo. Spidomita ya 1978 inaendeshwa na kebo ya chuma, haina waya wa kumwambia mtu chochote. Injini inazunguka, moshi unatoka, joto linapanda, lakini kwa hesabu za boksi pikapu haijawahi kusogea hata hatua moja.

Nilimweleza mke wangu jambo hili mezani, na shemeji akichora mchoro kwenye leso ya karatasi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba watoto," akasema, "hicho kiboksi nimekipenda. Kwa miezi yote hii mmekuwa pale pale uani, na nilidhani naona peke yangu."