Shangazi Anajibu: Mashine ya Vyombo Imevaa Kitambaa

Wasomaji wangu, kwa kawaida mnaniletea habari za ndoa na madeni. Safari hii bahasha zimetoka Geita, Kahama na Shinyanga mjini, na karibu zote zinanukia sabuni. Sawa, tukunje mikono ya nguo.

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu anachimba dhahabu na wenzake huko Rwamgasa. Mwezi uliopita duara lao lilitema, akapanda basi hadi Mwanza na kurudi na mashine ya kuosha vyombo. Mimi nilikuwa nimemwomba simtanki. Jikoni kwetu hakuna bomba, maji tunanunua ya madumu. Sasa mashine iko sebuleni, nimeitandika kitambaa cha kufuma na kuweka maua ya plastiki juu yake. Wageni wanaomba maji ya baridi wakidhani ni friji. Nikisema tuiuze, ananiambia namdharau. Nifanyeje? – Mke wa Mchimbaji, Geita*

Marahaba, mwanangu. Kwanza mshukuru mumeo, tena kwa chakula. Duara likitema, wanaume wengi hukumbuka pikipiki, na wengine hukumbuka mambo ambayo gazeti hili haliyaandiki. Wako alikumbuka mikono yako. Tatizo ni kwamba hakukumbuka bomba.

Mashine hiyo hainywi dumu. Inataka bomba lenye msukumo upande mmoja na njia ya maji machafu upande mwingine. Maji hupata nguvu ya bar moja kila yanaposhuka mita 10, na mashine nyingi zinadai angalau nusu bar. Maana yake hata hilo simtanki uliloomba, ukiliweka juu ya matofali matatu nyuma ya nyumba, mashine italilia. Litafutiwe mnara wa mita tano hivi, au pampu ndogo. Kisha lichimbwe shimo la majitaka. Halafu aitwe fundi umeme aangalie nyaya, kwa sababu mashine ikianza kuchemsha maji inavuta umeme kama pasi mbili zimechomekwa pamoja. Ona jinsi zawadi moja ilivyozaa miradi minne.

Usione aibu, hamkuanza nyinyi. Mama mmoja wa Illinois, Marekani, Josephine Cochrane, alipewa hataza ya mashine yake ya kuosha vyombo tarehe 28 Desemba 1886. Msifikiri aliwahurumia watumishi. Alizihurumia sahani zake za kauri, walizokuwa wakizimegua kingo kila wakiziosha. Mwaka 1893 alipeleka mashine kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, ikasifiwa sana, lakini walioinunua walikuwa wenye hoteli na migahawa. Majumbani haikuingia. Nyumba nyingi za wakati ule hazikuwa na maji moto ya kutosha kuilisha, na hadi miaka ya 1950 ndipo ilipoanza kuwa chombo cha kawaida cha jikoni huko kwao. Kwa hiyo mashine ilisubiri bomba zaidi ya miaka 60. Yako imesubiri mwezi mmoja tu.

Mwambie hivi, wakati wa usiku, si mbele ya wenzake wa duara: "Likitema tena, tuanze na tanki." Kwa sasa ondoa kitambaa na maua. Fungua mlango, utaona ndani mna vichanja viwili vya waya. Anika sahani zako humo baada ya kuziosha kwenye beseni. Mlango uuache wazi kidogo, mashine isije ikanuka. Mumeo akirudi atakuta mashine yake imejaa vyombo safi, naye hana haja ya kuuliza vilisafishwaje.

*Shangazi, mimi ni mhasibu, naishi Ngokolo, Shinyanga. Maji ya bomba ninayo ndani, umeme upo, tuko watu saba. Nataka jibu la namba, si la maneno: mashine inalipa au hailipi? – Mwenye Kalamu*

Ewe mwenye kalamu, chukua karatasi.

Tuanze na maji. Watu wa Ulaya wanasema mashine inaokoa maji, na kwao ni kweli. Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, kiliwahi kuwapa watu wa nchi kadhaa vyombo vya watu 12 waoshe kwa mikono. Kwa wastani walimaliza zaidi ya lita 100, ilhali mashine ilitumia kama 15. Lita mia! Wanafungua bomba wanaliacha lijiendee huku wao wanaongea. Sasa mtafute mama yeyote wa Shinyanga aliyekua akichota maji ya lambo kwa kichwa, kabla maji ya Ziwa Victoria hayajavutwa kutoka Ihelele kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Mpe ndoo moja ya lita 20. Ataosha kwa beseni la kwanza, atasuuza kwa la pili, maji ya kusuuza yataenda kulowekea sufuria ya ugali, na yatakayobaki atamwagia mchicha. Kwake yeye mashine itaokoa robo ndoo, na mchicha utakufa.

Tuje kwenye umeme, ambako ndiko kuliko na mtego. Mzunguko mmoja unakula uniti moja hivi. Ukiosha mara moja kwa siku ni uniti 30 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mwenye matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na wa kundi la kawaida hulipa 292, kabla ya kodi na makato mengine. Tuseme sasa unatumia uniti 60, ambazo ni shilingi 6,000. Ongeza mashine, zinakuwa 90. Ukiendelea hivyo unahamishiwa kundi la juu, na hizo 90 zinakuwa shilingi 26,280. Kwa hiyo hukulipia uniti 30 za vyombo peke yake. Umelipia upya hadi taa ya chooni.

Lakini kama friji, pasi na televisheni vimeshakutoa kwenye kundi la chini zamani, mashine inakuongezea chini ya shilingi 9,000 tu kabla ya kodi. Hapo hesabu si mbaya kwa watu saba. Jumlisha sabuni yake maalumu, usimimine ya maji ya kawaida. Jirani yangu mmoja alijaribu, povu likatoka mlangoni likapita koridoni likaenda kusalimia wageni. Bei ya kununulia naiacha uihesabu mwenyewe kwa ng'ombe, ndivyo tulivyolelewa. Jibu langu: ukiwa tayari kwenye kundi la 292, na nyumbani huna wa kumtuma, nunua. La sivyo nunua mabeseni mawili makubwa na ukae kimya.

*Shangazi, mashine tunayo na inafanya kazi. Mama mkwe alikuja kutoka Bariadi na sufuria zake za zawadi. Nikataka kumfurahisha, nikaziingiza zote pamoja na mwiko na hotipoti. Sufuria zimetoka nyeusi, mwiko umepasuka, hotipoti ukiitikisa inalia maji ndani ya ukuta. Mkwe anasema mashine ina mkono wa mtu. – Mkamwana, Kahama*

Mwanangu, hakuna mkono wa mtu. Sabuni ya mashine ni kali, nayo ikikutana na alumini kwenye maji moto huifanya iwe nyeusi. Chemsha maji yenye ndimu au ukwaju ndani ya sufuria, kisha sugua, weusi utapungua. Mwiko hauponi. Hotipoti ifungue, ianike kichwa chini hata wiki nzima, na uombe.

Hili mngeambiwa dukani. Toeni sufuria za alumini, mwiko, chungu, hotipoti, chupa ya chai, na chochote chenye masizi ya mkaa, halafu hesabuni kilichobaki. Ni sahani, vikombe, vijiko na glasi, yaani vile vyombo ambavyo mtoto wa miaka tisa huviosha akiimba. Kazi yenyewe, ile ya ukoko na stilwaya, imebaki nje kwenye kigoda. Mkwe mnunulie sufuria mpya na umpelekee wewe mwenyewe, ukiwa umepiga magoti.

*Shangazi, sisi ni wavulana watatu na tunaosha vyombo kwa zamu. Mwambie baba anunue mashine. – Kidato cha Pili*

Zamu yako ni leo.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni dada wa kazi. Bosi wangu amenunua mashine. Mama anataka nioshe vyombo kwanza kwa sabuni ndipo niviingize. Nasubiri masaa mawili na zaidi, nikivitoa nafuta glasi moja moja maana zina madoa meupe. Sufuria naosha nje kama zamani. Sasa baba anasema kazi imepungua, kwa hiyo mshahara nao upungue. – Dada*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Mwambie mama kwamba mashine haihitaji vyombo vilivyooshwa. Kwangua mabaki, toa miiba ya samaki, panga, funga. Madoa meupe yananiambia mnatumia maji ya kisima, ya chumvi. Ndani ya mashine, chini kabisa, kuna mfuniko wa kuwekea chumvi yake maalumu ya kulainisha maji, na nina hakika hakuna aliyeufungua tangu ilipofika.

Baba naye asome hapa. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na amri za namna hiyo zikija huja kupandisha. Hakuna kifungu kinachosema ukinunua mashine, unamkata dada. Ulikuwa unaosha mara moja. Sasa unaosha, unapanga, unasubiri, unatoa, unafuta, kisha unakwenda nje kwenye sufuria. Mimi kwa hesabu yangu ulipaswa kuongezwa.

Leo usiku ile sufuria ya ugali usiiguse. Iloweke kwenye beseni pale mlangoni, stilwaya uiweke juu ya ukingo, na kigoda ukisogeze karibu. Baba akirudi aikute.